Kaka kampa baba mkwe dawa ya mafua

Shoga, kaka yangu kajifungia chumbani tangu arudi kutoka hospitali. Simu hapokei.

Si unajua baba mkwe wake ana tezi dume? Kaka alisoma mtandaoni kwamba kalisiamu ndiyo inayokaza misuli ya tezi, mkojo unabanwa. Basi akamkataza mzee wa watu maziwa. Mzee akatii.

Juzi mzee kashikwa na mafua, kaka huyo huyo akamnunulia vidonge vya kuzibua pua.

Leo mkojo umegoma kabisa, tukamkimbiza hospitali, mpaka wamemwekea mpira wa kutolea mkojo.

Sasa sikia. Kaka, mbele ya wakwe wote: “Daktari, nadhani mzee anakunywa maziwa kwa siri.”

Kwa siri. Baba mkwe wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari akasema, “Maziwa hayana kosa. Kalisiamu hiyo imo humo humo kwenye misuli. Mzee ameniambia alimeza vidonge vya kuzibua pua; hivyo ndivyo vinavyoifungulia mlango, tezi ikakaza. Nani kampa?”

Mama mkwe anatazama sakafu.

“Mimi,” kaka akasema.

Wifi akaanza kufoka, mzee akamkatiza pale pale kitandani: “Mwacheni mwanangu. Alinitakia mema.”

Shoga, bora angemtukana.