Kwa Masika, Juu ya Imbwa Yake Yenye Imezeeka

Masika wangu, mujukuu wangu wa kwanza,

Karatasi yako ilifika. Mama mumoja wa parokia aliitoa Kinshasa mu sakoshi yake, imekunjwa-kunjwa sawa majani ya sombe, mais, hata vile, nimeisoma yote, miye mwenyewe, na miwani ya sokulu wako, bwana yangu, kidole chini ya kila neno. Masere, watawa wa misioni, walinifundisha miaka kidogo tu, lakini kile walinifundisha sikukitupa mu muto. Donc, basi, hapana kufikiri kuna mutu ananiandikia hapa. Ukiona kosa, ni langu, uliache pale pale.

Unaniambia: «Mukaka, kama imbwa yangu Bizu anateseka, ita muganga wa nyama amulalishe asiamuke tena. Hapana kumushikilia kwa ajili yangu.» Nilifika pale nikasonya kwa nguvu mpaka jirani yangu, Mama Biira, akauliza toka kiwanja cha lupango lwake nani amenitukana. Nikamujibu: mujukuu wangu. Umekuwa mukubwa, eh? Unatoa amri toka Kinshasa sawa minisita. Sasa ikala chini, nikujibu.

Unakumbuka vile imbwa ile ilifika kwetu? Tulikuwaka bado Beni. Muzungu wa kahawa, ule mwenye sokulu wako alimulindia shamba ku njia ya Mangina, alisikia vita inakuja, akapanda motokari na mabalizi ya nguo, akaenda. Walinzi wenzake sokulu walirudi kwao na mabati, na viti, mumoja alibeba mulango muzima ku kichwa. Yeye akarudi na imbwa ku kamba. Nilisimama mu kiwanja, mikono ku kiuno, nikauliza: «Baba, hii ni imbwa ama ni kamba ingine yenye miguu?» Akasema: «Ni levrier. Ni imbwa ya kukimbia.» Nikamwambia vizuri, ikimbie basi, irudi kwa muzungu. Mais weye ulikuwa umekwisha kuikumbatia shingo, na meno yako ya mbele ile iling'oka, unacheka sawa mutu alipewa ngombe.

Na ile wembamba yake! Kwetu mutu akipita akaona mbavu za imbwa yako, kesho anauliza batoto wako wanakula nini. Miye sikuweza kubeba haya ile. Nikamupa bugali, nikamupa maharagi na mafuta mekundu ya ngazi, asubui na mangaribi, nikamupa dawa ya minyoo ya mbuzi. Akanenepa! Akakuwa na tumbo sawa mama mwenye mimba. Siku ile sungura akatokea mu kahawa, Bizu akaruka, akafika katikati ya shamba, akaikala chini. Akaikala, Masika! Sungura akageuka kumutazama. Ulikuja unalia: «Mukaka, umeniharibia imbwa!» Sokulu wako alicheka mpaka akashika mwimo wa mulango. Sikuomba musamaha siku ile na leo siombi. Nani aliniambia kuna imbwa Mungu aliiumba na njaa ku mwili?

Kisha vita ikafika kabisa, na tukapanda Butembo kwa miguu, vitu ku kichwa. Unakumbuka ile barriere ya kufunga njia, na askari mwenye macho mekundu? Alikuwa anataka kitu ku kila mutu. Ulikuwa unatetemeka nyuma ya kitenge yangu. Akamuona Bizu, wakati ile alikuwa amerudilia wembamba yake, akapiga kelele: «Mama, mbwa oyo azokufa na nzala!» Ni kusema, imbwa hii inakufa na njaa. Nikamujibu kwa Swahili yangu, sikuogopa: «Papa, ndiyo mwili wake. Yeye ni vile hata akikula nyumba.» Hakuamini. Alitafuta mu mufuko, akatoa biskwi zake za askari, akachuchumaa mu matope, akamulisha moja moja, bunduki ku mugongo. Kisha akatusukuma: «Kendeni, kendeni, kabla mukubwa wangu hajatoka.» Watu nyuma yetu walitoa pesa. Siye tulitoka na biskwi. Mulima muzima muliimba, weye na sokulu.

Na ku Butembo, unakumbuka simbiliki zangu? Zile sawa panya munene bila mukia, tunafuga mu jikoni sawa watu wote huku, zinakimbia-kimbia kando ya moto, zinakula maganda, na mugeni akifika unashika moja unamupikia. Bizu aliona ni sungura wa bule. Asubui ya kwanza alimaliza nyumba nzima ya simbiliki, na akanipangia maiti mbele ya mulango sawa zawadi. Nilishika fimbo. Weye ukajificha naye chini ya kitanda, na mukia wake ukabakia inje unapiga chini: pu, pu, pu. Nani anaweza kupiga mutu mwenye mukia kama ile?

Kisha baba yako akaitwa Kinshasa. Ku uwanja wa ndege wa Beni ulinishika kitenge, ukaniambia: «Mukaka, umutunze mpaka nirudi.» Nikakujibu: «Panda ndege. Imbwa haikufi mu likizo moja.» Kumbe likizo ile! Vita ya pili ikakata inchi sawa mukate, weye upande ule, siye upande huu, sokulu wako akaenda kwa Mungu bila kukuona tena, na imbwa yako ikazeeka mu mikono yangu.

Sasa nikuambie kuzeeka kwake, juu ya vile naona unafikiri niko namutesa.

Baridi ya Butembo haikuumbwa kwa ngozi ile. Ni ngozi ya karatasi. Wakati wa mvua alikuwa anatetemeka mpaka meno inalia. Nikachukua triko yako ya masomo, ile ya rangi ya buluu, nikakata mikono, nikaingiza miguu yake ya mbele, nikafunga vifungo ku mugongo. Aliingia mu barabara sawa mwalimu. Mama Biira akasema: «Mukaka, unavalisha imbwa na siye tunakosa nguo?» Nikamujibu: «Leta mugongo yako, nipime.»

Kisha simenti ya nyumba ikamutoboa viwiko na kiuno, vidonda, juu ya vile mufupa uko karibu na hakuna mafuta katikati. Miguu ya nyuma ikaanza kuteleza, moja inaenda Beni, ingine inaenda Goma. Pumzi ya kinywa chake, Mungu wangu, ilifukuza hata inzi. Njo pale nikaita muganga wa nyama. Ni mutu wa jimbo la Equateur, mbali kabisa, serikali ilimutuma huku kabla ya vita, ikasahau kumurudisha na kumulipa. Akamupapasa magoti, akafungua midomo, akageuza uso. Akasema: «Mama, ni muzee. Dawa ya uzee siko nayo. Niko na sindano ya kulala.»

Nikamuuliza: «Miye pia ni muzee. Uko na yangu mu sakoshi ile?»

Akacheka, akaikala ku kiti, akakubali chai. Kisha akafanya kazi ya mwanaume. Aling'oa meno zenye zilioza, miye nilishika kichwa na kumutukana Bizu polepole mu masikio, ni vile anapendaka. Akanionyesha kumugeuza upande kabla kidonda hakijafungua, kumutembeza kidogo kila siku hata akikataa, kumupa chakula kidogo kidogo, chenye kulainika. Akasema mahali mufupa na mufupa vinakutana, mafuta imeisha, donc nimupashe joto pale. Nikamupakaa mafuta ya ngazi ya moto. Sasa kiuno chake ni rangi ya tofali, weye utacheka.

Na kwa simenti, nilimuhamisha jikoni, udongo uko na huruma kuliko simenti. Nilijaza magunia ya kahawa na majani kavu ya migomba, nikamulaza kando ya moto. Niliogopea simbiliki zangu, zile nilifuga upya, nikalala sikio wazi. Asubui nikaingia. Masika, zote zilikuwa juu yake! Zimejipanga ku kiuno chake, ku mapaja, mahali kabisa kunamuuma, zinalala mu joto yake na yeye mu joto yao. Alinitazama na jicho lake moja lenye lingali linaona, sawa mama mukubwa mwenye batumishi. Muganga alikuja kuona, akasema mu masomo yake hapana kuandikwa vile. Sasa miye mugeni akifika, ninamupikia maharagi. Nitashika simbiliki gani? Zote ni bauguzi.

Sasa nijibu neno lako. Kweli, mwanzo nilimushikilia kwa ajili yako. Nilikuwa nasema: akikufa kabla mutoto hajarudi, nitasema nini? Kila kikohozi chake kilikuwa kinanikata. Mais nilimutazama, na nikaona imbwa hii eko na kiburi sawa miye. Hajakojoa mu nyumba hata siku moja. Ajikokote, aanguke, asimame, atatoka inje peke yake, na ukimusaidia anakuangalia vibaya. Nikajiambia: siku ataacha kutoka, siku ile ameniambia mwenyewe. Kabla ya siku ile, muganga, na Mama Biira, na minisita wa Kinshasa, wote wanyamaze.

Siku ya Mungu iliyopita tulitoka misa. Bizu alikuwa ananingoja ku kiwanja cha parokia, na triko yake. Mbuzi ya mutu ikakata kamba, ikapita mbele yake. Sijui nini kiliingia mu mwili ule. Akakimbia! Miguu yote ilikubali mara moja, tumbo lilikuwa chini karibu na majani, masikio nyuma, sawa ile Beni mu kahawa. Wamama wakapiga bigelegele, padri akasimama na kanzu yake mu mikono. Alifikia mbuzi, akaipita, hakujua kitu cha kufanya nayo, akaanguka ubavu, ulimi inje, anacheka. Ndiyo, anacheka, miye namujua. Nilimubeba mpaka nyumbani, namutukana njia nzima, na machozi inanishuka, mais ilikuwa ya furaha, hapana kuandika kwa baba yako kama nililia.

Kesho yake hakuamuka. Jua likapanda, buyi, uji wake, ikapoa mbele yake. Nilimuita, hakuinua hata kichwa. Nikajiambia: ndiyo leo. Nilimutuma Mama Biira kwa muganga, na nikamupangusa uso na maji ya moto, nikamuvua triko, nikaikunja vizuri, nikuwekee. Muganga akafika. Akafungua sakoshi, akaweka sindano ku kiti. Nikapiga magoti, nikamushika kichwa, nikamwambia: sawa, umekimbia, inatosha.

Bizu akamutazama muganga. Akatazama sindano. Akatoa kichwa mu mikono yangu, akakunja miguu ya mbele, akasukuma ile ya nyuma, akaanguka. Hatukumugusa. Akasukuma tena. Simbiliki zikamwagika chini, akasimama, anatetemeka yote, akapita katikati yetu bila kuomba njia, akatoka inje mu jua, akakojoa ku muti wa mugomba, polepole, sawa mutu hana haraka na mutu. Kisha akarudi, akakula buyi yote, na akalala juu ya sakoshi ya muganga. Masikini yule alingoja pale mpaka saa ya kula, anaogopa kumuamusha.

Donc njo jibu. Wanasema ndege za Kinshasa zimeanza kushuka tena Beni. Maliza mitihani, hapana kukimbia masomo juu ya imbwa, nitakuchapa. Kisha kuja. Kama siku yake itafika kabla weye hujafika, sitakuomba ruhusa na sitangoja ndege: nilikuahidi kumutunza, sikukuahidi kumutesa. Mais leo asubui alitoka inje mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake, na miguu yangu pia ilikataa kidogo, akanigeukia, akaningoja.

Kula vizuri. Hapana kuwa wembamba, weye si levrier.

Ni miye, mukaka wako wa Butembo, mwenye angali anasimama.