Dawa Inayoitwa Masitekitomi

Jumanne, Kitale. Ukungu umekaa mpaka saa nne na baridi ni ile ya kuuma vidole. Leo roho yangu inamshuku kila mtu, hata mwenye saiba hii ya kukodisha kompyuta anayenitazama nikichapa kwa vidole viwili.

Wacha atazame. Nina la kuandika.

Wanaosoma hapa wananijua (na wasomaji ninao, mpaka Ulaya, maoni yenu nayaona). Kwa mgeni nitasema tu kwamba mimi nauza sidiria za mitumba soko la Kitale. Si nguo za kila aina, sidiria peke yake. Hakuna mwanamke wa mji huu anayepita mbele ya kibanda changu nisimjue saizi yake, hata avae sweta mbili. Mke wa pasta nimemvalisha mimi. Manesi, walimu, mama anayesaga unga posho mill, wote wamepita mikononi mwangu. Natazama mara moja, nasema, "Hiyo itakubana kwapani, chukua ile," na sijawahi kukosea.

Kwa hivyo uvimbe ulipoota kwenye titi langu la kushoto, niliujua mapema. Mikono hii haidanganywi.

Kliniki moja hapa mjini wakaniambia ni maziwa yamekwama. Maziwa! Kitinda mimba wangu ana ndevu. Nikapewa vidonge vya rangi mbili, nikavimeza vyote, uvimbe ukabaki palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama watu wa koti jeupe kwa jicho la pembeni.

Basi tukaenda Bungoma, kwenye hospitali kubwa. Tukaenda na Wanyonyi.

Najua wengine mmechoka na habari za Wanyonyi, lakini vumilieni, ni wangu. Kifungua mimba. Mwalimu wa Kiingereza, sekondari, upande wa Bumula. Akiongea Kiingereza unaweza kudhani ni redio. Jina hilo nilimpa kwa sababu alizaliwa wakati wa palizi, lakini majirani wasio Wabukusu kama sisi hulicheka wakidhani linatokana na kunyonya. Wacha wacheke. Alinyonya kweli huyo, mpaka akawa ananiomba titi kwa sentensi kamili.

Wiki iliyopita tuliingia kwa daktari kuchukua majibu ya kile kipande walichonitoa kwa sindano. Kabla sijaketi nikasema, "Daktari, huyu ni kijana wangu, mwalimu wa Kiingereza." Nilitaka ajue hatukutoka porini. Daktari akafurahi, akampa mkono. Wakaanza.

Bana, waliongea! Daktari anasema, Wanyonyi anaitikia. Neno kansa nililisikia, hilo halihitaji mwalimu. Halafu nikasikia neno lingine, likirudi na kurudi: masitekitomi. Daktari alikuwa akilitaja huku akipitisha kiganja juu ya shati lake, kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani, kama mtu anayepangusa meza.

Wanyonyi alikuwa anatazama kalenda ukutani.

"Mama, anasema wataondoa hiyo kitu, halafu utapata dawa. Unalazwa Alhamisi ya wiki ijayo."

"Kitu gani?"

"Si hiyo kitu, mama. Hiyo tu."

"Na maneno yote hayo ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

Daktari alimwaga gunia zima, mimi nikapimiwa kopo moja la gorogoro. Na nikaitikia kwa kichwa! Mimi, ambaye siwezi kununua belo la mitumba bila kuingiza mkono mpaka chini, nilikubali kupasuliwa bila kujua wanapasua nini.

Tulipotoka akaninunulia soda na mkate. Mtu anayekununulia soda bila kuombwa ana jambo anaficha. Jioni mke wake akanipigia simu kuuliza kama nimekula. Tangu lini? Kesho yake kitinda mimba akaja kutoka Moi's Bridge kuziba paa langu linalovuja tangu mvua za mwaka jana.

Nikajua nakufa, na wote wanajua isipokuwa mimi.

Lakini lile neno nilikuwa nimelishika. Nililirudia moyoni njia nzima, lisinitoroke: masitekitomi, masitekitomi. Nilijua ni dawa. Dawa kali, ya bei, na ndiyo maana Wanyonyi hakutaka kuitaja. Nikajiambia, kama ni dawa nitaitafuta mwenyewe. Nikaingia duka la dawa karibu na stendi, nikasema kwa sauti yangu ya sokoni, "Niangalizie masitekitomi."

Muuzaji akanitazama. Akatazama kifua changu. Akatazama chini.

"Hiyo hatuuzi, mama."

"Imeisha ama mnawafichia wakubwa?"

"Hatuuzi tu, mama. Pole."

Ile pole sikuipenda. Duka la pili, vilevile, na pole juu. Nikasema kumbe Kitale nzima imepangwa.

Jumamosi ilikuwa siku kubwa ya soko. Akaja mteja wangu mmoja wa Tongaren, mama wa makamo, mcheshi, ambaye kila akinunua sidiria huniomba nimshonee mfuko mdogo ndani, upande wa kulia. Nimemshonea mingi sana. Nilidhani ni mahali pa kuweka pesa, maana nani haweki pesa huko? Huyu huenda hospitali Bungoma mara kwa mara, kwa hivyo nikamuuliza huku nikikata uzi.

"Wewe mtu wa hospitali, hii dawa inaitwa masitekitomi inauzwa wapi?"

Akaiweka sidiria chini. "Nani amekuandikia?"

"Daktari. Alhamisi."

"Dada yangu," akasema, na ucheshi wote umemtoka, "hiyo si dawa. Hiyo ni kukatwa titi. Lote."

Nikamwambia ananidanganya. Ndipo akashika mkono wangu, mkono huu huu usiokosea, akauweka juu ya blauzi yake upande wa kulia.

Tambara. Tambara lililokunjwa vizuri na kutiwa ndani ya mfuko nilioshona mimi.

"Na wewe fundi mzima," akaniambia, "siku zote hizi hukujua?" Halafu akacheka, akanicheka kabisa, mpaka muuza viazi wa kibanda cha pili akageuka kutazama.

"Na uko hai," nikasema kama mjinga.

"Si unaniona? Na leo nimekuja na pesa."

Nilifunga kibanda mapema siku hiyo. Sikulia sokoni. Nyumbani ni habari nyingine.

Jana nikaenda Bungoma peke yangu. Nilikuwa nimejaza hasira kifuani pande zote mbili. Daktari akanikaribisha, akachungulia nyuma yangu kutafuta mtafsiri.

"Leo nimekuja bila mwalimu," nikamwambia. "Nieleze mimi. Kwa Kiswahili."

Akashangaa. "Mama, kumbe unasema Kiswahili safi hivi?"

"Ulidhani nasema nini?"

"Si ni wewe uliingia ukaniambia kijana ni mwalimu wa Kiingereza? Nikaona nimheshimu."

Hapo nikavuta kiti, nikaketi.

Halafu tukaongea, na kumbe daktari ana Kiswahili kizuri hata kunishinda. Nilimuuliza yote. Kwa nini lote, si uvimbe tu? Akasema uvimbe ni mkubwa, na wakitoa uvimbe peke yake lazima baadaye nichomwe kwa miale, na mashine hiyo iko Nairobi, na foleni yake wagonjwa wanaisubiri mpaka ugonjwa unawatangulia. Kwapani je? Watatoa tezi zipelekwe maabara, ndipo wajue kama imetembea. Na kama imetembea? Dawa ya mshipa, ya kunyoa nywele. Mkono utaweza kubeba belo? Si mara moja, na belo kubwa nisahau. Majibu yakipotea?

"Hayapotei, mama."

"Yakipotea?"

"Uje unishike shati."

Nimelitazama hilo shati vizuri. Ni la bluu.

Mwisho nikamuuliza, "Ningekuwa mama yako ungeniambia nini?"

Akaweka kalamu chini. "Ningekwambia ukatwe, na upesi." Halafu akacheka kidogo, cheko la aibu. "Lakini ningetafuta mtu mwingine akwambie."

Hapo ndipo Wanyonyi alipoanza kunirudia moyoni.

Nikampigia simu aje nyumbani. Alifika jioni, na kama kawaida yake akasimama nje ya mlango wa jikoni, maana tangu alipotahiriwa ana heshima zake, na chumba changu cha kulala hajui hata kitanda kinaelekea wapi. Kwetu ndivyo ilivyo. Mimi ndiye niliyemlea hivyo, na nimejisifia heshima yake mpaka hapa kwenye ukurasa huu.

"Ulijua masitekitomi ni nini?"

Akaanza kukwangua matope ya kiatu kizingitini.

"Nimeitafuta kwa maduka ya dawa, Wanyonyi. Mama yako ameitisha kukatwa titi kaunta, kama Panadol."

Hapo alitaka kucheka na kulia, vyote vikamkwama. Akasema, "Mama, mimi ningesemaje hiyo kitu mbele yako? Nilimwambia daktari nitakueleza nyumbani, polepole. Kila nikishika simu nashindwa."

"Kiingereza chote hicho."

"Kwa Kiingereza nimesema, mama. Ni kwa Kiswahili nimeshindwa. Na kwa Kibukusu ndiyo kabisa."

Sikumwonea huruma bado. Nikamwambia mimi hilo neno titi nalitaja sokoni kutwa, ndilo lililomlisha kabla hajajua ugali, na nikauza sidiria akasoma mpaka chuo. Kwa hivyo leo atalisema. Nikageukia sufuria nimpe nafasi, na yeye akageukia mahindi shambani.

Ilichukua muda. Chai ilichemka, ikatulia, ikachemka tena.

"Mama," akasema, kwa mahindi. "Alhamisi watakata titi lako la kushoto. Lote."



"Sasa hiyo ndiyo tafsiri," nikamwambia. Nikampa chai. Akaketi juu ya kopo la mafuta pale mlangoni akanywa huku machozi yakiingia kikombeni, mwalimu mzima, na mimi nikajifanya natafuta sukari.

Kushuku sijaacha, msidhani. Nashuku hiyo maabara. Nashuku mgeni huyu wa kwapani, kama ametembea au amelala. Yule wa vidonge vya rangi mbili nitamshuku mpaka kaburini. Lakini Alhamisi naenda, kwa miguu yangu, nikijua naenda kuacha nini. Wanyonyi atakuwa nami, na tumekubaliana: neno kwa neno, hata likimchoma ulimi. Na yeyote atakayenipita juu ya kichwa kwa Kiingereza siku hiyo, nitamjibu kwa Kibukusu cha mlimani tuone nani atatafsiriwa.

Asubuhi hii, kabla ya kuja hapa, nilifungua belo jipya nikajichagulia sidiria moja nzuri, rangi ya maziwa, lesi haijaguswa. Ningeweza kuiuza kabla ya saa sita. Nikaketi na sindano, nikashona mfuko ndani, upande wa kushoto, mshono mdogo mdogo usioonekana.

Nimeivaa hivi ninavyoandika. Mfuko uko tayari na titi bado liko. Mpaka Alhamisi, wacha vikae pamoja.