Rangi ya Lori la Marehemu Mkwe Wangu

Kitale,
Jumapili, baada ya chai.

Dada yangu mpendwa Mwanamisi,

Assalaam alaykum. Kabla sijasema langu, nataka kwanza habari za goti lako. Mwanao aliniarifu kwa simu kwamba sasa unasali ukiwa umeketi kitini, na kwamba hupendi watu walizungumze jambo hilo huko Vanga. Basi nitalizungumza mara moja tu: endelea kuketi, na ukandwe kwa maji moto kama daktari alivyoagiza. Sisi hapa tu wazima. Mvua haijakatika, mahindi ya jirani yamefika kifuani, na baridi ya alfajiri inanipeleka msikitini nimevaa makoti mawili.

Uliniuliza mbona sauti ya mke wangu Rehema ilikuwa imepoa siku ile ulipopiga simu, nami nikakujibu kwamba ana mafua. Hayakuwa mafua. Nilikudanganya, na kwa kuwa sijazoea kukudanganya, nakuandikia jambo lenyewe tangu mwanzo.

Unajua kwamba tangu nilipostaafu ualimu ninaunda magari ya mfano kwa mbao nyembamba na vipande vya plastiki, kila kipimo kikiwa kimegawanywa kwa ishirini na nne. Awali nilikuwa nikiyapaka rangi kwa brashi ya kawaida, na michirizi yake ilibaki ikionekana. Kisha nikanunua brashi ya hewa, kifaa kinachoshikwa kama kalamu, ambacho hupuliza rangi ikawa kama ukungu. Kifaa hicho kinahitaji hewa iliyoshindiliwa, nami nikaikumbuka kompresa ya nyumbani ambayo mwanangu Salim aliiacha stoo, tuliyokuwa tukiitumia kujazia magurudumu upepo. Inanguruma kiasi kwamba nimeafikiana na jirani: nalijaza tangi lake baada ya adhuhuri, naizima, kisha nafanya kazi kimya kwa hewa iliyomo mpaka mshale wa kipimo ushuke. Presha ya gurudumu ni kali mno kwa kazi hii. Naipunguza ikawa chini ya nusu, la sivyo rangi hukauka hewani kabla haijafika inapotakiwa.

Sasa, mama yake Rehema, anayeishi Bungoma, ameshikwa na presha ya macho. Daktari aliwaambia watoto wake waziwazi kwamba nuru inayoondoka hairudi, na kwamba iliyobaki ni ya miezi michache. Yule bibi hakulia. Alimwambia Rehema kwamba kuna kitu kimoja anachotaka kukiona tena, nacho ni lori la marehemu mumewe, lililokuwa likibeba magogo kutoka upande wa mlimani hadi kiwanda cha karatasi cha Webuye. Lori lenyewe lilikwisha kuuzwa kama vyuma chakavu zamani. "Mwalimu si anatengeneza magari?" akasema. "Anitengenezee hilo."

Nilipokea kazi hiyo kwa heshima kubwa. Lakini lazima nikueleze desturi ya kwao. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Tangu nilipooa, mimi nikifika pale huketi chumba cha nje, yeye hukaa chumba cha ndani, na Rehema huenda na kurudi akibeba maneno. Kwa hiyo sikupata kumuuliza mwenyewe jambo lolote. Nilionyeshwa picha moja ya lori, iliyotundikwa ukutani mwa chumba hicho cha nje, mkabala na dirisha, ndani ya fremu yenye kioo. Niliipiga picha kwa simu yangu hapohapo ukutani, nikapima, nikaandika.

Rehema alitoka ndani akasema, "Mama anasema ilikuwa kijani."

"Picha inaonyesha buluu," nikajibu.

Akaingia, akatoka. "Anasema si ati buluu. Kijani. Ya majani ya mahindi ikiwa bado changa."

"Mama ni mgonjwa wa macho, Rehema. Na mambo haya ni ya miaka mingi. Picha haisahau."

Aligeuka akaingia ndani. Nilidhani amekubali. Kwa muda wote niliofundisha, nilimnyima alama mwanafunzi aliyeniletea maneno pasipo ushahidi, na nilijiona nafanya haki.

Nilifanya kazi wiki sita. Nilichonga kichwa cha lori, nikaunda minyororo ya magogo kwa nyuzi za shaba, nikapuliza buluu tabaka baada ya tabaka, nyembamba, nikiacha kila moja ikauke. Dada, sijawahi kupaka rangi ikalala vizuri kama ile. Tulilifunga katika sanduku lenye pamba tukalipeleka Bungoma. Nikaketi chumba cha nje. Rehema akaingia nalo.

Nikamsikia yule bibi, kwa sauti ya upole ambayo mtu humpa mgeni, "Ni nzuri sana. Ni ya nani?"

Rehema alitoka na sanduku mikononi. Kwa siku tatu baada ya kurudi alikuwa akiniwekea chakula na kuondoka. Siku ya nne nilimwambia kwamba mtu mzima akikasirika husema sababu.

"Sababu unaitaka?" akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. "Mimi nilikuwa napanda hiyo lori nikienda shule. Kila siku ya mvua. Baba ananibeba mbele, miguu yangu haifiki chini. Wewe umenioa miaka hii yote na hukuniuliza, 'Rehema, lori ya baba yako ilikuwa rangi gani?' Uliuliza ukuta."

Sikuomba radhi. Nakuambia hili kwa aibu: bado nilitaka ushahidi. Nilikwenda Bungoma peke yangu, nikamwomba shemeji, kaka yake Rehema, anishushie ile fremu, nikang'oa vijipini vya nyuma na kuitoa picha. Pale pembeni, mahali palipokuwa pamefunikwa na ubao wa fremu, jua la dirishani halikupata kufika. Palibaki ukanda mwembamba kama ukucha, na ncha ya bampa la lori ilikuwa ndani yake. Ilikuwa ya kijani. Kwingine kote jua lilikuwa limekula manjano, likaacha buluu.

Nilirudi Kitale na ile picha nikamkuta mke wangu akichambua mboga. Nilimwonyesha. Hakuiangalia picha, aliniangalia mimi.

"Sasa umeamini?"

"Nimeamini. Na nimekukosea, wewe na mama."

"Karatasi ndiyo imekufanya uamini."

"Ndiyo," nikasema. Kukanusha kungekuwa uongo.

Tuliiosha buluu yote kwa spiriti na mswaki. Ukanda ule ulikuwa mdogo mno kunifundisha rangi kamili, kwa hiyo Rehema aliketi kando yangu nilipokuwa nikichanganya. Nilipulizia kwenye kadibodi, yeye akatikisa kichwa. Nikaongeza tone la manjano. "Bado." Nikaongeza jingine. "Umepitisha. Rudisha." Mara kadhaa swali la kama ana hakika lilifika mdomoni, nikalimeza. Hatimaye akasema, "Hapo," na akageuka upande wa dirisha akajipangusa macho kwa kanga.

Haraka ikaniponza. Katika mvua hizi hewa ikishindiliwa hutoa maji, na maji hukusanyika chini ya tangi. Mimi nililisahau bomba dogo la kuyamwagia. Tabaka la pili likatoka na madoa kama ya ndui. Tulifuta tena. Siku iliyofuata Rehema mwenyewe ndiye aliyeinama akafungua lile bomba, akayaacha maji ya kutu yatiririke mpaka ikabaki hewa tupu, kisha akaniambia, "Endelea." Alilishika lori kwa kijiti na kuligeuza polepole nikipuliza. Shemeji alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo: mama alikuwa amemimina chai nje ya kikombe.

Tulifika Bungoma mchana, mwanga ukiwa mkali. Niliketi mahali pangu. Rehema aliingia. Nilisikia kiti kikiburutwa kuelekea mlango wa uani, kwenye jua. Kisha yule bibi akalitaja jina la mumewe, mara moja tu, na nikainamisha kichwa changu.

Baada ya muda akaita kwa Kiswahili, si kwa Rehema, bali kupitia ukuta moja kwa moja. "Mwalimu."

Nilishtuka. Hakuwa amewahi kuniita. "Naam, mama."

"Ulinikatalia kijani."

"Nilikukatalia, mama. Nisamehe."

"Mimi ningekudanganya nipate nini?"

"Hakuna, mama."

Nikamsikia akicheka kidogo, kicheko cha kukohoa. "Sasa sikia. Mlango ya kushoto ilikuwa haifungi. Alikuwa anafunga na kamba ya katani. Hii yako inafunga kama ya benki."

Sikuuliza picha. Niliomba kamba. Rehema alinitolea uzi wa gunia na lile lori, nami nikauvunja mlango niliouchonga kwa siku nne, nikauning'iniza ovyo na kuufunga kwa ule uzi. Likarudishwa ndani.

Hiyo ilikuwa kabla ya mwezi mtukufu. Leo yule bibi haoni tena kitu, hata mwanga wa mlangoni. Lori liko mezani karibu na kitanda chake, na rangi niliyoihangaikia haimfai kwa lolote. Rehema anasema kila asubuhi mkono wake huufuata ule uzi, huufungua, kisha huufunga.

Dada, nawe nina neno lako. Uliniambia mpaka wa shamba la mama yetu unapita kwenye kisima kilichofukiwa, nami nikakujibu kwamba sitatia sahihi mpaka nione ramani. Usiitafute hiyo ramani. Wewe ndiye uliyekuwa ukiteka maji pale, si mimi. Waambie ndugu nimekubali panapo kisima.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie dawa za kifua humezwa hadi ziishe. Msalimie mwanao anayekuangalia, mjane wa kaka yetu, na imamu aliyenifundisha kusoma. Zaidi ya wote mjukuu wako atakayekusomea barua hii. Mwambie asome polepole, na asiyaruke makosa yangu.

Ndugu yako,
Hamisi