Shingo Niliyoikaza kwa Spana

Mpendwa binti yangu Nafula,

Ningekupigia kutoka pale kibanda cha simu, lakini jambo lenyewe lingenishinda kulisema watu wakinisikiliza. Acha niandike.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwaka wa tisini na saba ulikuwa umemaliza shule, umechoshwa na umbea wa majirani wa ploti, nikakuita karakanani hapa Kitengela. Vitanda ndivyo vilivyotulisha, lakini gita za makanisa ndizo nilizozipenda. Nilikufundisha kufunga shingo ya gita kwa bolti mbili, ili kiangazi kikiipinda tuweze kuifungua na kuinyoosha. Ulipaka chaki kwenye kisigino cha shingo, pale inapoingia kwenye mwili wa gita, ukakisukuma mahali pake, ukakitoa, ukakwangua palipogusa, ukarudia tena. Siku moja ulichoka ukachukua spana. Nilikupokonya.

"Bolti inashikilia, haivuti," nilikuambia. "Kama iko na mwanya, rudi kwa patasi."

Baadaye ulinipita, mama. Wateja waliingia wakiuliza yule msichana yuko wapi. Nilicheka nao, lakini wivu nilikuwa nao, na leo nautaja.

Sasa sikia. Mara tu ulipoolewa Illasit, kwaya yetu ilitaka gita mpya. Macho yangu siku hizi yananichezea, na chini ya kisigino ulibaki mwanya mwembamba kama ukucha. Nilikuwa nimechoka kukwangua. Nikashika spana, nikakaza mpaka mwanya ukazibika, nikapaka vanishi, nikawapa. Jumapili iliyopita, katikati ya wimbo wa sadaka, kisigino kilipasuka. Nyuzi zikalegea na kanisa zima likageuka kutazama.

Mwalimu wa kwaya akaniuliza, "Mzee, hii shingo si ni Nafula alifunga kabla aende Illasit?"

Nikamjibu, "Huyo alikuwa na haraka ya kuolewa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Tangu siku hiyo sina uso, mwanangu. Nimekupaka matope mbele ya watu waliokuona ukikua, na wewe huko hujui lolote. Mama yako alikuwa ameniona nikipambana na ile spana. Hajanigombeza. Ananiita tu "fundi" kila anaponiwekea chakula.

Barua hii ataibeba jirani yetu anayesafiri kesho, isije ikawa wambea wamenitangulia. Jumapili, baada ya matangazo, nitasimama niseme ni mimi niliyeifunga, na kwamba nilidanganya. Mama yako ameahidi kukaa karibu na mlango nisipate pa kutorokea. Naogopa sana.

Wiki ijayo nitakuja Illasit na gita hiyo. Sina mwingine wa kumpelekea aitengeneze. Ukiona huwezi kunifungulia, nitaiacha nje ya mlango, nirudi nyumbani bila kukulaumu.

Ni mimi baba yako, ninayekuonea haya.