Ngumi ya Kwenye Sabuni

3 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani hamjambo? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, ila masomo yananibana. Mwalimu katupa zoezi la video ya dakika tatu: jinsi kampuni zinavyotumia picha za siasa kuuza bidhaa. Nimechagua ile sabuni ya mche yenye ngumi iliyoinuliwa na maneno "Nguvu ya Wengi". Wewe na bibi mlifanya kazi kwenye kiwanda kinachoitengeneza. Ngumi ile waliitoa wapi?

Mjukuu wako

11 Machi

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Kikohozi kipo, tunaishi kama wapangaji wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake ahame. Mke mwenzio anakusalimu kwa shingo upande, eti unanizuzua kwa barua.

Sasa umenichokoza. Waliitoa wapi? Waliiiba! Niliichora mimi, kwa rangi ya mapipa yao wenyewe, juu ya shuka la kitandani kwetu. Bibi yako hajanisamehe shuka hilo mpaka leo. Na mkono ni wake. Mashine ya kukatia miche ilimla kidole cha mwisho, meneja akasema kazembea. Ndipo tukagoma. Siku tisa tulisimama getini na shuka letu. Siku ya kumi tukafukuzwa wote wawili.

Jana nimekwenda dukani na miwani yangu, nikaikagua hiyo sabuni. Ngumi ina vidole vyote! Mimi nilichora vitatu na gumba. Wamemwotesha bibi yako kidole bila hata kumuuliza, na kucha wakaipaka rangi! Nikamwambia mwenye duka hawa ni wezi. Akaniuliza, "Mzee, unanunua au hununui?" Washenzi wakubwa. Yaseme hayo kwenye video, usipunguze hata tusi moja.

Babu yako

24 Machi

Babu,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Mimi nina hasira tu. Niliyasema yote kwenye video, mwalimu anataka niyatoe: hakuna ushahidi, na hili ni zoezi tu. Nilimjibu vibaya, akanitoa darasani. Kanipa hadi tarehe kumi Aprili, la sivyo napata sifuri. Shuka lile lipo? Kama halipo, bibi atakubali mkono wake upigwe picha?

Mjukuu wako

2 Aprili

Mke wangu,

Marahaba. Afya zetu ni hizi hizi za kuunga na gundi. Shuka walilichoma palepale getini.

Nikamwomba bibi yako mkono. Unamjua: hata kwenye picha ya harusi ya mama yako kauficha mgongoni. Akasema, "Wewe pia ulinichora bila kuniuliza."

Badala ya kubishana, nikamsomea barua yako. Nilipofika "zoezi tu", akanikatiza. "Nani kasema zoezi tu?"

"Mwalimu."

Akainuka, akageuza sufuria, akajipaka masizi kiganja kizima, akakigandamiza kwenye karatasi iliyomo humu. Ukiitazama utaona pale kidole cha mwisho kinapoishia. Nilitaka kuandika maelezo pembeni, akanichapa kofi la masizi. Bado ninalo shavuni.

Anasema mwalimu ahesabu vidole mwenyewe, halafu karatasi irudi hapa nyumbani. Mkono ni wake.

Babu yako