Viatu vya Bibi Kiti

Jumatatu, 3 Machi

Tumegawiwa walimu wa kututengenezea dansi za usaili. Mimi nimeangukia kwa Bibi Kiti! Wenzangu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Bibi Kiti hufundisha akiwa amekaa — jina limetoka hapo — kwa sababu nyonga yake ni ya bandia. Tena ni yeye peke yake anayeingia studio na viatu. Sisi tunacheza pekupeku; tukithubutu kuvaa, mfagiaji anatufukuza kwa fagio lake.

Kundi kubwa la dansi linakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuajiri mchezaji. Mmoja tu! Mama kaniambia kwenye simu, sawa baba, kacheze, lakini wasipokuchukua unakwenda kwa mjomba wako dukani. Hakuwa anatania.

Jumatano, 5 Machi

Mikono yake!

Alikaa mbele yangu, uso kwa uso. Akasema ana dansi moja ya zamani ambayo haikuwahi kurekodiwa. Halafu akaicheza yote, mwanzo hadi mwisho, kwa mikono. Viganja ndio miguu. Kiganja kikapinduka hewani, nikajua hapo ni kuruka. Kikashuka polepole hadi kwenye goti lake, na mimi, mtu mzima na ndevu zangu za kuhesabika, mwili ukanisisimka. Nimeona watu wakiruka nusura waguse taa. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Nilisahau hata kuvua soksi.

Nikauliza muziki uko wapi. Akasema utausikia miguuni, we nifuate tu.

Ijumaa, 7 Machi

Magoti yamevimba. Bibi Kiti hasifii: akiridhika anaguna, akichukia anaguna. Leo alipoguna alikuwa anafuta macho. Vumbi, akasema. Kwenye studio inayopigwa deki kila asubuhi!

Kuna mahali ananyoosha mkono na kuuacha hewani. Nami nanyoosha wangu, nasubiri. Nasubiri nini? Akasema subiri tu.

Jumanne, 11 Machi

Balaa!

Ngongoti, rafiki yangu mrefu kuliko mlango, alikuja kuchungulia mazoezi. Tulipotoka akanivuta pembeni: we, mbona akionyesha kulia unakwenda kushoto? Nikacheka. Kisha kicheko kikakata.

Walimu wengine wakisimama uso kwa uso nasi hugeuza kulia na kushoto wenyewe, sisi tunafuata kama kioo. Bibi Kiti hageuzi! Nilitakiwa nigeuze mimi, kichwani. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Dansi nzima nimeijua kinyume, na miguu imeshaizoea hivyo. Naliona duka la mjomba, nanusa hadi sabuni za mche.

Jumatano, 12 Machi

Nikamwambia Bibi Kiti yote. Mwalimu, nimekosea, nipe leo na kesho nirekebishe.

Akatazama sakafu mpaka nikadhani ananifukuza. Kisha akasema anajua. Anajua tangu siku ya kwanza.

Dansi ile ilikuwa ya watu wawili. Yeye na marehemu mumewe, uso kwa uso, kila mmoja kioo cha mwenzake. Mimi alikuwa ananifundisha upande wake mwenyewe. Kumbe kwa kukosea nimejifunza upande wa mume, hatua kwa hatua, na hakuna aliyenionyesha! Akasema alitaka kunikatiza. Akajiambia ngoja nimwone hadi mwisho. Halafu kila siku akajiambia hadi kesho. Akapenga kamasi. Nimekuponza, mwanangu, akasema.

Na ule mkono hewani — hapo ndipo viganja vyao vilikuwa vinakutana.

Nimemwambia sibadilishi kitu. Sijui kiburi hiki nimekitoa wapi. Maana majaji wataona nusu ya dansi: kijana kanyoosha mkono kama anasimamisha basi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwenye benchi la korido, namba kifuani. Ngongoti ametoka sasa hivi anatabasamu, wamempigia makofi hadi huku nimesikia. Mlangoni wamebandika masharti: mchezaji mmoja mmoja. Mama katuma ujumbe, Mungu akutangulie baba.

Bibi Kiti amekuja. Kaketi kando yangu. Msichana wa mlangoni akamwambia wageni wanakaa nyuma, mama. Akajibu yeye si mgeni.

Sasa ameinama, anahema, anafungua kamba za viatu. Viatu vyake! Nimemnong'oneza, mwalimu, masharti yanasema mmoja, watanikata. Akasema kusoma anajua. Nikitaka, atavivaa tena, akakae nyuma apige makofi na wageni. Niseme mwenyewe, hatakasirika.

Cha kulia kimetoka. Mguu mdogo, mweupe kwa poda, vidole vimepinda kwa kazi. Siwezi kuacha kuutazama. Cha kushoto hakifikii, nyonga inamkatalia. Ameunyoosha mguu mbele yangu, anasubiri.

Wanaita namba yangu. Wanaita tena. Kamba imekaza fundo, haifunguki kwa mkono mmoja, na wa pili umeshika kalamu —