Nahodha Asiyevuta Pumzi

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu nyingi. Hapa hatujambo. Mama naye hajambo, ila macho ni yale yale, haoni zaidi ya mwanga wa dirisha. Na wewe, u mzima? Usikimbilie kujibu. Soma kwanza, maana nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikaa kusikiliza katuni yetu. Mama haoni lile genge lako la majambazi wa angani, na kofia zao pana na bastola kiunoni, wala sayari wanazochimbua kutafuta hazina. Anachojua ni sauti: ya nahodha ni yako, ya fundi mitambo wake ni yangu. Tangu uhamie huko ukawa unajirekodi ndani ya kabati la nguo na kututumia, hivyo ndivyo anavyokuona kila Jumamosi.

Nahodha akawahutubia wenzake juu ya ramani, maneno marefu kweli kweli. Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Akasema, "Mwanangu havuti pumzi. Kasema yote hayo hajapumua hata mara moja. Anaficha nini?"

Nikamjibu ni mitambo tu. Jumatatu nikambana fundi sauti wetu, yule tunayemwita Kimya Tafadhali. Akababaika weee, mwisho akasema. Kumbe ulilazwa wiki tatu, mapafu! Kumbe ulimtumia sauti imejaa kikohozi ukamwomba akifute, naye kwa bidii yake akafuta na pumzi zote. Akaniwekea ile rekodi yenyewe, kabla hajaifuta, niisikie. Sikuweza kuimaliza, nilitoka nje.

Una akili kweli? Fundi sauti anajua, dada yako aliyekubeba mgongoni hajui! Kila nikikupigia, "Mzima kama chuma, dada." Chuma gani? Umenifanya mjinga, na ulitaka kumfanya Mama mjinga, na masikio yake yale! Nina hasira na wewe, tena nina hofu, na usingizi sipati.

Mama nilimwambia ukweli. Akauliza kipindi cha mwisho kinarekodiwa lini.

Basi sikiliza. Katika kipindi hicho nahodha anaiacha hazina, anawarudia wenzake. Maneno yake ninayo mimi, na sikutumii ng'o. Kimya Tafadhali anataka kumweka mahali pako yule bwana wa matangazo ya sabuni; nimemwambia athubutu aone. Studio inatusubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao. Daktari akikuruhusu, njoo uyasome hapa.

Shangazi anakusalimu, na mjomba kinyozi anasema nywele zako anazisubiri. Mungu akuponye, akulinde njiani.

Ni mimi nikupendaye, hasira na yote,
Dada yako.

Mama amenishika mkono niongeze lake: uje na kikohozi chako, asikifute mtu. Atakaa kando yako akusikie ukipumua.